Ndege wa Tatu Kutoka Kushoto

Ilikuwa mwaka sabini na tatu. Hapana, tusidanganyane: sabini na tatu ndio mwaka ambao ng'ombe wa Damiani alizaa mapacha, watu wakafunga safari kwenda kutazama. Haya yalikuwa mwaka uliofuata, sabini na nne, mwaka wa njaa na unga wa njano wa msaada, ambao watu wa Unyasonge walitakiwa wahame huko walikotawanyika waende kukaa kwa mistari kando ya barabara ya Ikungi.

Alute alikuwa mkwangua magadi. Tembe yake, yenye paa la udongo na nguzo za mninga alizokata marehemu baba yake, ilikuwa mwendo wa kutafuna karanga chache tu kutoka ziwani. Kiangazi maji yaliporudi nyuma yaliacha ganda jeupe juu ya tope. Alute alilikwangua kwa kipande cha jembe kuukuu, akalikausha juu ya paa, akalipeleka Singida mjini kwenye duka la Rajabali. Kutoka hapo lilikwenda kwenye vyungu vya maharage na kwenye ugoro wa wazee ambao hakupata kuwaona. Kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuitaka.

Mtu akikwangua tope miaka thelathini anajua mengi ambayo hakuyatafuta. Katikati ya ziwa palikuwa na jiwe kubwa, na kila maji yaliposhuka yaliacha juu yake mstari mweupe. Ukionekana mstari wa kwanza, bata maji walianza kuondoka. Ukionekana wa pili, pembeni mwa maji paliota utando wa kijani unaonuka. Ukionekana wa tatu, basi asubuhi moja ungeamka ukute heroe wamejaa, wale ndege wa miguu mirefu na shingo ndefu, weupe waliochovywa kwenye wekundu, maelfu kwa maelfu, wameinamisha vichwa wanachuja ule utando kama akina mama wanaochekecha unga. Alute hakuwa na kalenda. Jiwe lilimtosha.

Sasa amri ilikuwa imetoka: lori litapita kuchukua watu wa ziwani mwisho wa Agosti. Huko barabarani kila mtu alipimiwa kiwanja, nacho cha Alute kilikuwa changarawe tupu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kwenye magadi yake. Asubuhi mkewe Stumai alifunga vyungu kwa kamba. Jioni Alute alivifungua.

"Baba Elina," Stumai alimwambia, "hao wakija watakubeba pamoja na kamba."

"Watakuja na akili. Nitawaeleza."

Stumai akamjibu kwa Kinyaturu, maana kuna mambo Kiswahili kinayasema kwa upole mno.

Mwezi wa sita mwanzoni gari likaja kweli, lakini si lori. Ilikuwa Landrova, na kutoka ndani yake alishuka kijana aliyevaa kaunda suti, kalamu nne zimesimama mfukoni kama askari gwaride. Jina lake Leonidas, Katibu wa Kamati ya Mapokezi. Kamati yenyewe iliundwa juzi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Stumai, leta kigoda."

Leonidas alikaa, akafungua faili juu ya magoti. Akaeleza kwamba wageni wakubwa kutoka nchi rafiki watafika mkoani. Kiongozi wao amesoma kwenye kitabu kwamba Singida kuna ndege wekundu wanaokuja kwa msimu, akasema kabla hajafa lazima awaone. Watu wa Unyasonge wakasema anayejua habari za ndege ni Mzee Alute.

"Ninachotaka kwako ni kidogo tu," Leonidas alisema, kalamu tayari. "Ndege wanawasili tarehe ngapi?"

"Ukionekana mstari wa tatu."

"Mstari wa tatu ni tarehe ngapi?"

"Hiyo muulize jua."

Leonidas aliandika, akafuta. "Mzee, wageni tumewapangia Saba Saba. Ratiba imeshapigwa chapa. Saa nne kamili wanaangalia ndege, saa tano na nusu wanakunywa chai."

"Saba Saba hawatakuwepo. Sana sana utakuwa umeonekana mstari wa pili. Waje katikati ya Agosti."

"Shughuli ya serikali haiwezi kusubiri jiwe!"

"Basi waje waangalie jiwe," Alute alisema, bila ubaya wowote. "Nalo ni zuri."

Huo ukawa mwisho wa maongezi ya siku ile. Lakini kwa bahati, wageni wenyewe walituma habari kwamba ndege yao ya chuma imeharibika na safari imesogezwa hadi tarehe kumi na tano Agosti. Leonidas akaingia kikaoni akatangaza kwamba, baada ya utafiti wa kina wa mienendo ya ndege, amefanikiwa kuisogeza safari ya wageni. Akapigiwa makofi. Kisha akarudi kwa Alute, mara hii amekuja na barua.

Barua ilikuwa na muhuri. Ilisema kwamba Mzee Alute, akiwa mlinzi wa ndege, ataruhusiwa kubaki na nyumba yake ziwani, ilimradi ndege wawepo siku ya wageni. Wasipokuwepo, atapanda lori kama wenzake.

Alute alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, akairudia, akaikunja ndani ya kitambaa na kuichomeka kwenye pengo la ukuta juu ya kitanda. Siku hiyo alivifungua vyungu mchana.

Tangu hapo kila asubuhi alipanda paa kuangalia jiwe. Saba Saba ikapita, watu wakacheza ngoma, mstari ukawa ule wa pili. Mwezi wa saba ukaenda kumalizika. Stumai chini akauliza, "Vipi, limesemaje jiwe lako?" Naye akajibu, "Linafikiri." Tarehe nne Agosti akateremka mbio, akakosa ngazi, akaanguka juu ya rundo la magadi, akainuka mweupe kama mkate wa kumimina.

"Wamekuja, mama Elina! Wamekuja!"

Walikuwa wamekuja. Upande wote wa magharibi wa ziwa ulikuwa umegeuka rangi. Stumai alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akatazama. Halafu akaenda mwenyewe kuzikata zile kamba za kufungia vyungu, akazifanya za kufungia kuku.

Zilibaki siku kumi na moja. Alute alikwenda kwa miguu hadi ofisini, akamkuta Leonidas na kamati yake nzima, watu kumi na wawili kwenye meza ya watu wanne. Akawaambia ndege wapo, na wataendelea kuwepo hadi mvua za kwanza. Ila aliwaomba mambo mawili tu: pasiwe na kelele pale ziwani, na ule utando wa kijani usiguswe.

Kamati ilimshukuru sana, ikamwomba atoke nje, ikaanza kikao. Kilipokwisha iliazimia mambo mawili. La kwanza, ziwa lisafishwe, kwa kuwa utando wa kijani unaonuka ni aibu mbele ya wageni. La pili, mapokezi yafanyiwe mazoezi ziwani kila siku, ngoma, nyimbo na vigelegele, hadi yakomae.

"Ule ndio ugali wao!" Alute alimfuata Leonidas hadi kwenye Landrova. "Ukifagia ugali wa mtu, mtu atakaa?"

"Mzee, wewe ni mlinzi wa ndege. Usafi una kamati ndogo yake."

"Sasa hiyo kamati ndogo imewauliza ndege?"

"Ndege wa nchi huru," Leonidas alisema, akipanda gari, "hawezi kuendelea kula uchafu."

Kesho yake watu walikuja na mifagio, mareki na madebe. Walikuwa watu wazuri, majirani. Walimsalimia Alute kwa heshima huku wakizoa chakula cha ndege zake. Mawe ya ufukweni yakapakwa chokaa. Heroe wakasogea upande wa pili, wakaanza kukodoa macho, kama kondoo wanaochungulia zizi la jirani.

Halafu yakaja mazoezi. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na chanzo alikuwa Damiani, yule mwenye ng'ombe wa mapacha. Damiani alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kwa kuwa mapokezi hayawezi kufanyiwa mazoezi bila mgeni, kamati ilimteua yeye awe mgeni wa mazoezi. Akapewa koti, miwani myeusi na baiskeli, ambayo ndiyo ilikuwa msafara wa magari. Siku ya kwanza aliona haya. Siku ya pili alipunga mkono. Siku ya tatu aliketi kwenye kiti cha mgeni, akakunja nne, akasema hajaridhika.

"Vigelegele vimelegea," alisema. "Mgeni akija kutoka mbali hivyo, apate vigelegele vya msibani? Rudieni."

Wakarudia. Alute akaenda akainama sikioni mwake. "Damiani ndugu yangu, nyumba yangu imo humu. Ndege wanasikia."

"Kaka Alute, ningekuwa mimi Damiani ningekuelewa," alijibu mgeni kutoka chini ya miwani. "Lakini sasa hivi sitokei hapa."

Tarehe kumi na tatu, zoezi la saba. Damiani alitaka ngoma zianze kabla baiskeli haijakata kona, zote kwa pamoja, na yule mzee mwenye gobore la kuwindia apige hewani kwa heshima. Ngoma zikaanza. Gobore likalia.

Ziwa lote likanyanyuka. Lilikuwa jambo la kuogopesha na la kupendeza pamoja. Hata wapiga ngoma waliacha mikono hewani. Wekundu ule ulifunika jua, ukazunguka mara mbili juu ya tembe ya Alute kama unaoaga, ukaelekea kaskazini, njia ya Sekenke na maziwa ya huko. Chini yalibaki maji, mawe meupe kwa chokaa, na unyoya mmoja.

"Vizuri sana," alisema Damiani, ambaye kwa ile miwani hakuwa ameona vizuri. "Sasa hapo mmepatia."

Alute alirudi nyumbani, akakaa kitandani chini ya ile barua. Stumai akatoka nje kufungua kuku, apate kamba.

Kesho yake Leonidas alifika amenyauka, kalamu tatu tu mfukoni. Wageni wangefika siku inayofuata. Alimwomba Alute awaite ndege.

"Niwaite kwa jina la nani?"

"Mzee, tafadhali. Mimi pia nina watoto."

Kwa mara ya kwanza Alute alimwona ni kijana kabisa, mwenye chunusi moja shavuni. Akamhurumia, na hilo ndilo kosa lake katika jambo lote hili. Akasema, kama mtu anayefikiri kwa sauti, kwamba kutoka barabarani hadi kwenye maji ni mbali; jua likiwa kali pale ziwani, mvuke unacheza, hata mbuzi huonekana kama twiga. Mtu aliyesimama kwenye maji kwa mguu mmoja, amejifunika...

Leonidas alichomoa kalamu.

Wakaenda mjini kwa Landrova hadi dukani kwa Rajabali, wakachukua jora zima la kitambaa cha amerikani, mchango wa duka kwa taifa. Rajabali alipima kwa mkono, akampa Alute jicho.

"Mzee Alute, tangu marehemu baba nauza nguo. Nimevisha maharusi, nimevisha maiti. Ndege ndio leo!"

Amerikani ikachovywa kwenye maji ya udongo mwekundu, ule wa Singida usiotoka nguoni hata ufanye nini, ikaanikwa juu ya tembe ya Alute. Ilipokauka ilikuwa na rangi yao hasa. Wakachaguliwa watu arobaini warefu na wembamba. Kwa mwaka ule wembamba hawakuwa taabu kupatikana. Alute akawafundisha: unainama, shuka linafunika mgongo na kichwa, mkono mmoja unauinua juu ndani ya nguo, kiganja umekikunja hivi. Huo ndio shingo na mdomo. Mguu mmoja chini. Mwingine unaukunja.

"Na tukichoka?" mama mmoja aliuliza.

"Unabadili mguu. Nao wanabadili."

Damiani alikataa. Alisema mtu aliyekwisha kuwa mgeni wa heshima hawezi kushushwa hadi ndege. Lakini arobaini hawakutimia bila yeye, na Stumai alimwambia maneno mawili ya Kinyaturu, naye akavua koti.

Tarehe kumi na tano, kabla ya saa nne, walikuwa majini. Alute alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Wa pili alikuwa Damiani, wa nne Stumai, ambaye alisema kama nyumba ni ya wote basi na mguu ni wa wote. Saa nne ikafika. Saa tano ikafika. Magadi yaliingia kwenye mipasuko ya nyayo yakachoma kama pilipili.

"Mume wangu," Stumai alisema kutoka ndani ya shuka, "ndege wenyewe hulipwa nini kwa kazi hii?"

"Utando."

"Wana haki ya kuondoka."

Saa saba magari sita yalitokea, yakasimama mbali barabarani. Leonidas hakuwaruhusu washuke hadi chini. Alieleza kwamba ndege hawa ni waoga kupita kiasi, wageni wakatembea kwa kunyata. Mgeni mkubwa, mzee mnene mwenye mvi, akainua darubini. Alitazama sana. Alute, kwa chini ya kwapa, aliona vioo viwili vikimeta, akafikiria zile nguzo za mninga, akakaza goti.

Hapo ndipo dereva mmoja alipoegemea honi kwa bahati mbaya. Ilipiga kelele hadi mwangwi ukarudi kutoka kwenye jiwe. Watu wote juu walishika pumzi.

Hakuruka hata mmoja.

Mgeni akateremsha darubini, akasema jambo, mkalimani akalileta kwa Leonidas: mheshimiwa anasema hajawahi kuona ndege wenye nidhamu kama hawa popote duniani. Anauliza pia kwa nini yule wa pili anajikuna. Leonidas akajibu kwamba ni msimu wao. Wakanywa chai, wakaondoka.

Ziwani watu walikumbatiana. Alute alimbeba Stumai mgongoni hadi nchi kavu, maana miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, na majirani walimpigia vile vigelegele, safari hii bila Damiani kulalamika. Jioni Alute aliitoa barua kwenye pengo la ukuta, akaisoma tena, akaona hapana neno. Ndege walikuwepo siku ya wageni.

Baada ya wiki moja uliitishwa mkutano wa hadhara. Leonidas, aliyekwisha kupata barua ya kupandishwa cheo na kuhamishiwa mjini, alisimama akasoma taarifa. Ilisema ndege wapatao arobaini, wenye afya na nidhamu, walisimama mahali walipopangiwa muda wote waliopangiwa. Watu wakatazamana miguu. Ikaendelea: kwa kuwa wageni wameridhika mno, na watarudi, ufukwe wote wa ziwa kuanzia leo umetengwa kwa ajili ya ndege wale. Haruhusiwi kuishi pale mtu yeyote. Lori litakuja Jumatatu.

Alute akasimama na kitambaa chake. "Ndugu Katibu, mimi ninayo barua."

"Naikumbuka, mzee wangu, niliiandika mimi," Leonidas alisema, na hakuwa na kiburi, alikuwa na haraka tu. "Barua inasema mlinzi wa ndege. Sasa ndege wale honi imepigwa hawakutikisika. Kamati imeona hawahitaji mlinzi."

"Nina swali."

"Maswali yaletwe kwa maandishi."

Jumatatu lori likaja. Vyungu vilikuwa vimeshafungwa, na Alute hakuvifungua. Nguzo za mninga zilizidi urefu wa lori, zikaachwa. Walipopanda kilima aliangalia nyuma. Utando ulikuwa umeanza kuota tena, kwa kuwa kamati ndogo ya usafi ilivunjwa siku walipoondoka wageni, na kutoka kaskazini, chini chini juu ya maji, ulikuwa unakuja mstari mrefu mwekundu.

"Hao," alisema.

"Nawaona," alisema Stumai.

Akaishi kwenye ule mstari wa barabarani, akalima changarawe, akawa mtu wa kutembeatembea. Ila swali lake alilipeleka kwa maandishi kama alivyoambiwa. Lilipigwa taipu na Rajabali dukani, nakala tatu, moja kwa kamati, moja kwa Leonidas huko mjini, na moja alibaki nayo ndani ya kile kitambaa, akimwonyesha kila mwenye faili aliyepita kijijini, mwaka baada ya mwaka. Wengi waliisoma wakacheka. Wengine waliisoma wakaangalia saa. Ilikuwa fupi:

"Ndugu, mmeandika kwamba ufukwe ni wa wale ndege arobaini waliosimama siku ya wageni. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka kushoto, na mke wangu wa nne. Je, sisi mlituhamisha kwa sheria gani?"